Unga Uliodhaniwa wa Kanisa

Sifa ni zako, Ee Mungu, uliyetupa ulimi wa kuonja kabla hatujaweza kuutumia kusema. Nakushukuru kwa mvua za Mwello na kwa mikono inayopalilia huko. Nakushukuru kwa meno machache uliyoniachia, na kwa subira uliyonifundisha polepole, maana mimi ni mwanafunzi mzito. Haya ninayoyasimulia yalinipata nikiwa mzee tayari, wakati nilipodhani nimemaliza kukosea mbele za watu.

Mwaka juzi mke wangu aliugua. Tulipomtoa hospitali Tororo alikuwa anaweza kutembea, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unarudi kidogo kidogo, lakini hamu ya chakula ilibaki huko hospitali. Samaki alikataa. Ndizi alikataa. Kitu pekee alichokubali kilikuwa uji wa wimbi, yaani ulezi, mzito, uliotiwa ukwaju, kama mama yake alivyokuwa akimpikia huko kwao Kiyeyi akiwa msichana. Nikasema Mungu ashukuriwe, wimbi si kitu cha kutafutwa mbali.

Nilikuwa sijui ninachosema. Mimi nimekuwa katekista maisha yangu yote ya utu uzima. Unga nilikuwa nauona ukiwa umekwisha kuwa chakula. Nikaenda soko la Busia, upande wetu wa Uganda, nikanunua wa kwanza niliouona. Mke wangu akapika mwenyewe kwa mkono mmoja, akanywa funda moja, nikasikia sauti ndogo ndani ya kinywa chake: krr. Akaweka kikombe chini.

"Mzee," akaniambia, "mchanga nitaula siku mtakayonizika. Usinianzishe leo."

Hakunywa tena mpaka kesho yake asubuhi.

Ndivyo nilivyoanza kuwa mnunuzi. Wimbi mwingi unapurwa juu ya ardhi tupu, kisha unazolewa pamoja na mchanga, na mashine inavisaga vyote viwili bila kubagua. Macho hayaoni kitu. Kwa hiyo kwetu hakuna anayenunua unga wa wimbi kwa macho, ila mimi siku ile. Unamsalimia muuzaji, unauliza kama nyumbani hawajambo, na wakati huo vidole viwili vinaingia katika beseni, vinachota kidogo, vinaweka kwenye ncha ya ulimi. Kisha unaupeleka kwenye magego. Unatafuna polepole ukitazama pembeni, kama mtu anayesikiliza kengele ya mbali. Muuzaji naye ananyamaza. Ukisikia ile krr, unaaga kwa adabu, unasema utarudi. Wote wawili mnajua hutarudi.

Nilitafuna katika mabeseni mengi kabla ya kulifikia la yule mama. Alikuwa ameketi kando ya barabara inayotoka mpakani, juu ya kigoda, beseni la bluu mbele yake. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele na milele, amina. Tunafahamiana, mwanangu?"

"Ulinifundisha Kipaimara. Ulinichapa kwa kusahau amri ya nane."

"Sasa unaikumbuka?"

"Usimshuhudie jirani yako uongo. Siwezi kuisahau, Mwalimu, ilikuwa fimbo ya mpera."

Nilitafuna unga wake nikasikiliza. Hakuna kitu. Nikachota tena, maana nilifikiri masikio yangu yamechoka. Hakuna. Akanieleza kwamba wimbi wao unatoka Mwello, ambako mama mkwe wake anausiriba uwanja mzima kwa samadi ya ng'ombe, anauacha ukauke uwe mgumu kama sakafu, anaufagia, ndipo wanapura. Mume wake analima pamoja na mama yake, na yeye ndiye mkono wao wa sokoni. Siku hiyo nilinunua gorogoro mbili, makopo mawili ya kupimia yaliyojaa. Mke wangu alikunywa kikombe kizima, akafuta mdomo, akasema, "Huyo mama umshike."

Nikamshika karibu mwaka mzima.

Kisha askari wa mji wakaanza kuwaondoa wanaouza kando ya barabara, na mama huyo akapata meza ndani ya soko lililoezekwa. Alifurahi sana. Lakini meza zile zilikuwa na masharti, na mwenye masharti alikuwa mwenyekiti wa soko, mama mmoja ambaye sauti yake, nadhani, inasikika mpaka Kenya bila kibali. Meza isiyo na wateja anampa mwingine, na waliokuwa wakisubiri walikuwa wengi. Alikuwa amesema wazi kwamba baada ya Pasaka atapita kukagua meza moja moja. Kwa mama wa unga jambo lilikuwa jepesi kueleweka. Bila meza, na barabara imefungwa, angerudi Mwello, na wimbi wao ungeuzwa shambani kwa yeyote atakayekuja na gari, kwa bei anayotaka yeye.

Hapo ndipo shemeji yake alipoingia. Ni ndugu mdogo wa mumewe, mtu mwenye familia yake, anayechapisha kadi za harusi na maandishi ya fulana upande wa Kenya. Kila asubuhi anavuka, kila jioni anarudi. Mtu mwema, mwenye haraka. Aliona meza ya shemeji yake akasema beseni ni jambo la barabarani, mezani kunahitaji sura. Akamtengenezea pakiti za plastiki, zimefungwa kwa moto, na juu ya kila pakiti karatasi yenye picha ya mtoto mnene anayecheka akiwa na kijiko mkononi, na maneno ya Kiingereza ambayo niliyasoma mara mbili bila kukuta neno wimbi.

Najua niliyasoma mara mbili kwa sababu nilipita meza ile mara mbili. Ilikuwa mwanzo wa Kwaresima. Nimeingia sokoni, nimetafuta beseni la bluu, silioni. Nikaona ukuta wa pakiti za watoto wachanga na nyuma yake kitambaa cha kichwa. Mwishoni nikakiuliza kile kitambaa:

"Samahani, mama. Yule aliyekuwa akiuza wimbi barabarani amehamia wapi?"

Kitambaa kikainuka. "Mwalimu! Ni mimi!"

"Wewe? Nimedhani hapa ni kliniki."

Alicheka, lakini kicheko kilikatika upesi. "Tangu asubuhi wewe ni mtu wa nne kuniuliza mimi mwenyewe niko wapi."

Nilimuuliza wanaosimama wanafanya nini. Akanionyesha. Wanainua pakiti. Wanaigeuza. Wanaibonyeza kwa kidole gumba. Wengine wanaitikisa karibu na sikio. Wanaiweka chini na kusema watarudi.

Nilinunua tatu kwa kumwamini. Nyumbani mke wangu aliishika pakiti mbali na uso wake, akamtazama yule mtoto, kisha akanitazama mimi. "Nani amekuambia nimezaliwa upya?" Alipoonja aliutambua unga wake, akanywa. Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo, na badala ya kulifikiri vizuri nikaamua kusaidia.

Jumapili iliyofuata, baada ya komunyo, ulipofika wakati wa matangazo katika kigango chetu, nilisimama kama nilivyosimama kwa miaka mingi. Nilisema hivi, na nayakumbuka maneno kwa sababu baadaye nilirudishiwa yote:

"Ndugu zangu, yupo dada yetu sokoni, meza ya tatu kutoka mlango wa mashariki. Ana unga wa wimbi, safi, hauna mchanga hata kidogo. Wazee na wagonjwa utawafaa sana. Nendeni Jumatatu, mwambieni Mwalimu amewatuma."

Nilikaa chini nimeridhika. Niliona watu wakinong'onezana, nikafikiri, tazama namna neno jema linavyosafiri.

Jumatatu, kabla jua halijapanda, palikuwa na foleni mbele ya meza ya tatu. Nilikuwa nimekwenda kuona matunda ya kazi yangu. Kwa mbali moyo wangu ulicheza. Nilipokaribia nikaona watu wamebeba mabeseni matupu, magunia yaliyokunjwa, hata ndoo. Mbele kabisa alikuwa bibi mmoja wa jumuiya yetu ndogo, ameshika kadi mbili za ubatizo.

"Hii yangu," alikuwa akimwambia mama wa unga, "na hii ya marehemu mume wangu. Mimi ni mzee na ni mgonjwa pia. Niandike mara mbili."

"Bibi, unga huu unauzwa."

"Unauzwa na nani?"

"Na mimi."

"Mwalimu alisema tukuambie ametutuma. Sasa tumetumwa."

"Kutumwa ni sawa, bibi, lakini..."

"Aah, mathe, wacha hizo," akasema mwanamume mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, mwenye gunia begani. "Chakula ya kanisa unaweka bei? Hata Mungu anakuona."

"Iko ya wagonjwa," mwingine akadakia nyuma. "Mimi naumwa mgongo tangu mwezi wa kwanza. Nani atapima mgongo hapa?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Miaka ya nyuma, mvua ilipokosa, chakula cha msaada kilipitia kanisani. Aliyekitangaza nilikuwa mimi, wakati ule ule baada ya komunyo, kwa sauti hii hii na karibu kwa maneno haya haya: wazee, wagonjwa, Jumatatu, njooni na vyombo. Katika kigango kile sijawahi kutangaza kitu cha kulipiwa. Watu hawakusikia vibaya. Walisikia kama nilivyowazoeza.

Nilijaribu kueleza. Bibi wa kadi mbili alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mzee wake akichanganyikiwa. "Mwalimu, wamekutisha?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imeshavuka mpaka na kurudi: kuna mama anauza unga wa kanisa. Mwenyekiti wa soko akaja, ameshika kiuno.

"Mimi hapana taka fitina ya kanisa kwa soko yangu," alimwambia. "Baada ya Pasaka nitakuja kuangalia hii meza. Kama iko na fujo ama iko tupu, kwangu ni sawa sawa."

Mama wa unga hakulia. Alipanga pakiti zake upya, moja juu ya moja, watoto wote wakitazama mbele.

Kesho yake alikuja kwetu, ameleta pakiti ya mke wangu kama kawaida. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama. Akasema, "Amri ya nane, Mwalimu," akatabasamu kidogo, na tabasamu lile liliniuma kuliko fimbo ya mpera. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka kitini, alisema, "Wewe ulimtangaza kama mtu wa kutangaza. Hukumtangaza kama mtu wa kununua. Ungekumbuka jinsi ulivyompata."

Nilichukua rozari nikakaa nayo mpaka mchana. Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni, wala sikuitegemea. Nilichokumbuka kilikuwa ladha ya yale mabeseni yote niliyotafuna kabla ya lake. Nilikumbuka hakuna hata mmoja aliyenisifia unga wake nikanunua. Yule mama aliniacha nichote mara ya pili, nilipokuwa sijaamini bado, wala hakukunja uso.

Jumatano nilikwenda sokoni nikaomba kigoda, nikakaa kando ya meza yake upande wa wanunuzi. Shemeji yake alikuja saa tano, amekasirika kwa heshima.

"Mwalimu, shikamoo. Samahani kusema, lakini pakiti hazina kosa. Kosa ni tangazo."

"Tangazo lina kosa," nilisema. "Nitalitubia Jumapili. Lakini kabla ya tangazo walikuwa wananunua?"

Akaigeuza pakiti moja mkononi.

"Basi nisaidie jambo dogo. Mimi miguu imechoka. Yule mama pale anauza samaki wa kubanika kutoka Majanji. Nichagulie mmoja wa Ijumaa."

Alikwenda. Tulimtazama, mimi na mama wa unga. Alimwinua samaki wa kwanza, akamfunua shavu, akanusa. Akamrudisha. Akamchukua wa pili, akambonyeza tumbo, akamnusa pia, akamgeuza juani. Muuzaji akamwambia, "Kaka, unamchumbia ama unamnunua?" Watu wakacheka. Akachukua wa tatu, akanusa, akalipa, akarudi naye amemfunga katika gazeti.

"Umemnusa kwa nini?" nikamuuliza.

"Mwalimu, samaki hanunuliwi bila kunus..."

Hakumaliza. Alitazama zile pakiti. Mama wa unga aliinamisha kichwa, mabega yake yakitikisika kwa kicheko alichokuwa akikibana.

"Haya," alisema shemeji. "Haya, nimeona. Lakini mnataka turudi kwenye beseni? Vidole vya soko zima ndani ya unga? Mtu ametoka kushika dagaa, mwingine ametoka kushika pesa, mwingine Mungu anajua ametoka kushika nini."

Hilo lilikuwa neno la kweli, na sikuwa nimelifikiria. Mimi mwenyewe nimetia vidole katika mabeseni mengi.

"Na mimi nazipenda pakiti," akasema mama wa unga ghafla. Ilikuwa mara ya kwanza kutuambia ana nini moyoni mwake, na wala hatukumuuliza, alisema tu. "Barabarani watu walikuwa wananiita wewe wa beseni. Tangu niweke pakiti wananiita mama wa duka. Hawanunui, lakini wananiita."

Ni rahisi kwa mnunuzi kusahau kwamba ng'ambo ya meza naye kuna mtu anayetaka kuheshimiwa.

Mwishoni yeye ndiye aliyepata njia, si mimi wala shemeji. Alichukua kisu akapasua pakiti moja, akaimimina katika sinia safi, akaweka kijiko. Akatoka mbele ya meza, akaniambia, "Mwalimu, toa mkono." Akanitilia kijiko kimoja cha unga kwenye kiganja. "Tafuna."

Nikatafuna, nikitazama pembeni.

Mwanamke aliyekuwa akipita akasimama. Sisi watu wa huku hatuwezi kumpita mtu anayetafuna unga bila kutaka kujua amesikia nini.

"Iko na mchanga?" akaniuliza.

"Toa mkono wako," nikamwambia. "Mimi nimeshakosea mara moja wiki hii."

Akatoa mkono, akatafuna. Alinunua pakiti mbili, akaondoka bado anatafuna.

Jumapili nilisimama tena baada ya komunyo. Kigango kilitulia kuliko kawaida. Nikasema, "Wiki iliyopita nilisema jambo jema kwa namna mbaya, nikamharibia jina mtu asiye na kosa. Unga ule si wa kanisa. Haujapata kuwa wa kanisa. Ni wa dada yetu na mume wake na mama mkwe wake, umelimwa Mwello, na unauzwa. Msiende na kadi za ubatizo." Watu walicheka mpaka Padri akainamisha uso. Nikangoja. "Na tena msiende kwa sababu Mwalimu amewatuma. Nendeni mkatafune. Mkisikia mchanga, semeni mtarudi, kama mnavyosema siku zote."

Sitasema kila mtu alibadilika. Wapo waliosema nimetishwa, na mpaka leo yupo mzee mmoja ambaye tukikutana njiani ananiuliza, akikonyeza jicho, chakula cha kanisa kinakuja lini. Lakini bibi wa kadi mbili alikwenda Jumatatu ile ile. Alitoa kiganja, akatafuna kwa meno yake mawili ya mbele, kazi iliyochukua muda mrefu, kisha akanunua kikombe kimoja. Akatoa kadi moja ya ubatizo kutoka kwenye kanga yake, akamwonyesha mama wa unga. "Hii nimebeba tu," akasema. "Nimezoea." Wakacheka wote wawili, na nadhani hapo ndipo fitina ilipoanza kufa.

Baadaye alikuja mama mmoja kutoka upande wa Kenya anayewapikia uji madereva wa malori wanaosubiri kuvuka. Yeye alionja bila salamu, maana kazi yake haina muda. Madereva, alisema, wanaweza kusamehe uji usio na sukari, lakini mchanga wanausimulia mpaka bandarini. Alichukua gorogoro moja. Kesho yake akarudi kuchukua tatu. Huyo hakutaka pakiti, alitaka apimiwe katika mfuko wake. Waliokuwa wakisafiri mbali ndio waliozitaka pakiti, kwa sababu haziloweki. Basi vitu vyote viwili vikakaa juu ya meza moja, sinia na pakiti, na hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Shemeji alichapisha karatasi mpya. Mtoto aliondoka. Palibaki maneno makubwa, WIMBI WA MWELLO, na chini yake kwa herufi ndogo, Onja kwanza. Mke wangu aliipenda. "Afadhali," alisema. "Yule mtoto alikuwa ananitazama nikinywa."

Pasaka ikaja, tukaimba, ikapita. Jumanne yake mwenyekiti wa soko alianza kukagua meza kutoka mlango wa mashariki. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda changu, nikijifanya nasoma. Meza ya kwanza, sawa. Meza ya pili alimkuta mtu amelala, akamwamsha kwa maneno ambayo sitayaandika. Alipofika ya tatu palikuwa na wanawake wanne wamenyoosha viganja, kama watu wanaopokea komunyo, nikaona aibu kwa kuliwaza hilo, kisha nikaona si aibu.

"Nini hii?" akauliza. "Mnagawa tena?"

"Hapana, mama," alisema mama wa unga. "Wanaonja. Toa mkono."

Mwenyekiti aliutazama ule mkono wake mwenyewe kama hajawahi kuuona. Kisha akaunyoosha. Akatiliwa kijiko. Akaweka unga mdomoni, akaupeleka kwenye magego, akatazama pembeni. Wale wanawake wanne wakaacha kutafuna ili yeye asikie vizuri. Mimi niligeuza ukurasa ambao sikuwa nimeusoma. Mama wa unga alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na nilijua anafikiri juu ya Mwello, na uwanja uliosiribwa, na mama mkwe aliyeinama akiufagia.

Mwenyekiti alitafuna muda mrefu. Akanyoosha mkono tena. Akatiliwa cha pili. Nikajua, maana mimi pia nilichota mara mbili.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nini, mama?"

"Hakuna mchanga. Hata kidogo hakuna." Akapangusa kiganja kwenye sketi yake. "Mama yangu iko na miaka themanini na kitu. Kila unga anatema. Nifungie mbili." Akalipa, akaziweka kwapani, akawatazama wale wanawake wanne na wawili wengine waliokuwa wamesimama nyuma yao. "Hii meza iko na watu. Mimi naendelea."

Alipiga hatua tatu, akageuka. "Na wewe Mwalimu, siku ingine ukitaka kutangaza soko yangu, uniulize kwanza."

"Nitakuuliza, mama."

"Mimi nitakukataza."

Alipokwenda meza ya nne, mama wa unga aliachia ukingo wa meza. Alichota kijiko, akakitia kwenye kiganja chake mwenyewe, akatafuna unga wake, akitazama pembeni kama mnunuzi, kama vile naye alitaka kuhakikisha. Kisha akawageukia wale wanawake. "Nani alikuwa wa kwanza?"

Nilirudi nyumbani na gorogoro yangu. Mke wangu alikoroga uji kwa mkono wa kulia na kuushika mpini wa sufuria kwa ule wa kushoto, jambo ambalo mwaka juzi hakuliweza. Nilimhadithia yote wakati uji ukitokota. Aliponiuliza mwenyekiti alichukua pakiti ngapi nikamwambia mbili, akatikisa kichwa. "Atarudi," akasema. Safari hii ilikuwa kweli.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akuwekee mezani chakula kisicho na mchanga, na mtu wa kukila pamoja naye. Ukiwa muuzaji, akupe wateja wanaotafuna kwa subira. Ukiwa mnunuzi, akupe muuzaji atakayekuachia uonje mara ya pili. Na ukikosea mbele za watu, kama mimi, akupe Jumapili nyingine ya kusimama na kusahihisha. Amina.